Siku Niliyofunga Lango Kutafuta Bega la Mbuzi

Sikuwa nimepanga kumwambia mtu wa nje habari hii, na hata wa ndani ningewanyima kama wasingekuwepo wote, ukoo mzima na basi zima la wageni kutoka Wang'uru, wengine wakiwa wameinua simu wananirekodi. Kwa hivyo aibu yenyewe tayari inatembea bila mimi. Naandika tu ili angalau mara moja isimuliwe kwa haki, maana kila nikiisikia ikisimuliwa hapa Kianyaga naongezewa kitu (ati nilikuwa na pingu. Sikuwa na pingu. Nilikuwa na kufuli).

Niseme kwanza ugonjwa wangu. Mimi napenda hadithi za upelelezi. Shule niliiacha darasa la nane na hata leo nikisoma sina hakika kama naelewa yote au nusu, lakini kitabu cha mauaji nikikipata siwezi kukiweka chini. Hununua Kagio siku ya soko, kuna mama mmoja wa mitumba ambaye huweka vitabu vikuukuu chini ya rundo la soksi, vingine havina jalada, vingine havina kurasa za mwisho (hivyo ndivyo vinauma, mtu amekufa na hutawahi kujua aliuawa na nani). Vyote vina mtindo mmoja: kuna nyumba kubwa, kuna maiti, mvua inanyesha na hakuna anayeweza kutoka, halafu mpelelezi anazunguka kimyakimya akinusa vikombe na kuangalia viatu vya watu, hamwambii yeyote anachowaza, mwishowe anawakusanya wote sebuleni na kusema, "Muuaji yuko humu ndani." Hapo mimi huwa nasimama. Hata kama niko kitandani nasimama, Mama Karimi, mke wangu, ni shahidi.

Sasa, ile Jumamosi ilikuwa ngurario ya Wakuthii, binti wa kaka yangu Muriithi. Ngurario ndiyo siku ile mambo ya mahari yanafungwa. Mbuzi anachomwa, na mguu wa mbele mzima pamoja na bega, ndio tunaita kiande, unaletwa kwenye sinia mbele ya watu wote, bwana harusi anaukata na kumlisha msichana. Kiande kikikatwa, ni mke wake. Kisipokatwa, hata mkila na kucheza mpaka mkaanguka, mmefanya pikiniki tu.

Na haikuwa ngurario ya kufanyia mchezo. Kijana mwenyewe, Munene, ni mtulivu na hana neno, lakini mama yake ni mjane aliyemlea kwa kuuza mchele, na safari ya kwanza walipokuja kwetu kuna mtu wa ukoo wetu (simtaji, si haki, naye ameshajuta) alisema akisikika kwamba watu wa mpunga wananuka matope. Mama Munene alinyamaza siku ile, akanywa chai yake, lakini alipofika nyumbani alimwambia mwanawe kwamba atarudi huku mlimani mara moja tu, na akidharauliwa tena, Munene atafute mke kwao Mwea. Wakuthii alituambia haya akilia. Kwa hivyo sote tulijua. Mimi pia nilijua, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi, kwamba siwezi kusema sikujua.

Asubuhi Muriithi alinishika mkono akanipeleka kwenye stoo. "Gachoki, mimi sikupi kazi mbili, nakupa moja. Hiki kiande ukiangalie mpaka nikuite. Moja tu. Utaweza?"

"Hata wewe!" nikamwambia. "Kazi ya kuketi?"

Nikavuta kreti nikaketi mlangoni, na kwa kuwa ni kazi ya kuketi nikatoa kitabu mfukoni mwa koti, kile ambacho nilikuwa nimefika mahali daktari anaingia chumbani anakuta bibi wa nyumba amelala kifudifudi na kikombe bado kina moto. Wageni walifika, wakaimba langoni, wakafunguliwa, wanawake wao wakapeleka viondo vyao, vile vikapu vya kusuka vya zawadi, jikoni kwa wanawake wetu kama ilivyo desturi, watu wakala, wazee wakazungumza yao, na mimi nikaendelea kusoma, nikisalimiwa naitika, nikiulizwa kitu naitika, sijui niliitika nini na nini. Mpaka nilipofika mwisho wa sura nikaona niingie ndani niangalie kiande changu.

Hakikuwepo. Sinia haikuwepo. Kulikuwa na meza, na juu yake duara la mafuta mahali sinia ilipokuwa, kama ile alama wanayochora sakafuni maiti ilipolala.

Nataka mnielewe hapa, kwa sababu hapa ndipo kila kitu kilipoharibikia, na kiliharibika kwa jambo dogo sana. Mtu mwingine yeyote angetoka nje akaita, "Jamani, nani amechukua kiande?" Mimi mwili ulinisisimka kwanza. Nikafikiri: aliyekichukua akisikia naita atakificha vizuri zaidi. Nikafikiri: usimwambie mtu, maana mtu wa ndani ndiye huwa. Nikafikiri hata Mama Karimi nisimwambie (kwenye vitabu wake za watu wamefanya makubwa). Nikatembea polepole, mikono nyuma, mpaka langoni, nikalisukuma likafungika, nikatia kufuli, nikaweka ufunguo mfukoni.

Kisha nikaanza kuangalia watu.

Wa kwanza alikuwa Mzee Njogu, msemaji wa upande wa Munene, mzee mrefu mwenye kofia ya manyoya. Mkono wa koti lake ulikuwa na mafuta. Nikajiambia ni yeye. Lakini nilipomwangalia jirani yake, naye alikuwa na mafuta, na mchungaji pia alikuwa na mafuta hadi kwenye kola, ndipo nikakumbuka kwamba watu wote wale walikuwa wametoka kula nyama. Nikamwacha, ingawa si kabisa.

Wa pili alikuwa dereva wa basi lao. Alikuwa akizunguka anawaambia watu, "Tufanye haraka, mnaona ile wingu? Hii barabara yenu ikinyeshewa mimi sipandi na sishuki." Basi lenyewe alikuwa ameliacha chini kwenye lami kwa sababu hiyohiyo. Nikajiuliza: kwa nini mtu atake kuondoka haraka hivyo? (Jibu ni mvua. Wingu lilikuwa jeusi tii juu ya mashamba ya chai, hata kuku walikuwa wameshaingia. Lakini mtu akishaanza kushuku, hata mvua inakuwa na njama.)

Wa tatu nilimwona mwisho. Mama Munene alikuwa ameketi peke yake kwenye kona ya hema, hali, hanywi, kiondo chake amekipakata mapajani na mikono yote miwili juu yake. Viondo vya wenzake vilikuwa bado jikoni. Chake tu ndicho alichokuwa nacho, na kilikuwa kimevimba.

Wakati huohuo lango likaanza kupigwa kutoka nje. Lango letu ni la mabati, huoni upande wa pili. Nikalisogelea. Mtu alikuwa anapiga kwa kiganja, pa pa pa, anasema, "Fungua! Fungua bana, mvua inakuja!" Spika zilikuwa zinalia, sikuitambua sauti. Nikasimama pale nimezuia pumzi. Mshirika wa nje, nikajiambia. Amekuja kuchukua mzigo, amekuta lango limefungwa, mpango umevurugika. Nikarudi nyuma kwa ncha za vidole.

Nusu yangu ilikuwa inaniambia, Gachoki, mwambie Muriithi. Nakumbuka vizuri. Hata nilimwendea, nikafika karibu naye, naye akageuka na uso wa furaha ambao sijauona tangu tuwe vijana, akasema kwenye kipaza sauti, "Na sasa, wapendwa, ni wakati wa kiande! Gachoki, leta!"

Watu wakapiga makofi. Wanawake wakaanza kigelegele. Wakuthii akatokea mlangoni amevalia leso na shanga, shangazi zake wamemshika huku na huku. Munene akasimama na kisu chake chenye utepe mwekundu. Wote wakanitazama mimi, na mimi mikono mitupu.

Nikamnyang'anya Muriithi kipaza sauti.

"Naomba kila mtu aketi," nikasema. Sauti yangu ilikuwa nzito, sijui ilitoka wapi. "Lango limefungwa. Hakuna mtu atatoka. Kiande kimeibwa." Halafu (nimejaribu mara nyingi kukumbuka kwamba sikusema, lakini simu zao zinasema nilisema), "Mwizi yuko hapa ndani."

Kigelegele kilikatika katikati. Spika zikazimwa. Matone ya kwanza yakaanza kugonga hema, moja moja, na lango lile likapigwa tena, pa pa pa. Muriithi alinong'ona, "Gachoki, unafanya nini?" lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kutembea kati ya viti kama wapelelezi wa vitabuni wanavyotembea. Mlangoni pa jikoni nilimwona Mama Karimi ameweka mkono mdomoni anatikisa kichwa. Nilidhani amevutiwa.

Nikasimama mbele ya Mzee Njogu. "Mzee, mafuta hayo kwenye mkono wako ni ya nini?"

"Ya nyama yenu," akasema. "Niirudishe?"

Watu wachache wakacheka, lakini si kicheko cha raha. Nikamwendea dereva, nikamuuliza haraka yake ni ya nini, akaonyesha juu kwa kidole bila kusema kitu, na tone likamwangukia kwenye paji. Kisha nikasimama mbele ya Mama Munene.

"Mama," nikasema, "naomba kiondo."

Sasa hili lazima niliseme jinsi lilivyo. Huku kwetu mwanamume hafungui kiondo cha mwanamke. Vikija siku kama hiyo vinapokewa na wanawake, vinafunguliwa na wanawake, jikoni, wanaume hata hawajui ndani kuna nini. Mimi nalijua hilo tangu nikiwa mtoto. Mama Munene aliniangalia tu. Hakukikaza wala hakuniachia. Nikakichukua mwenyewe mapajani mwake, na mkono wangu ulipozama ndani nilisikia upande wote wa wanawake ukivuta pumzi kwa pamoja.

Nikatoa sukari. Nikatoa pakiti ya unga. Nikatoa kitu kimefungwa kwa majani ya ndizi, kizito, cha moto bado, mfupa umetokeza. Nikakiinua juu ya kichwa changu watu wote waone, na mafuta yakanitiririka hadi kwenye kwapa.

Halafu Mzee Njogu akaniita, polepole.

"Gachoki."

"Naam, mzee."

"Huo ni mguu wa nyuma."

Nikautazama. Ulikuwa mguu wa nyuma. Hata mtoto anayechunga angeona, paja lile, lilikuwa nene kama la mchezaji wa mpira.

"Ama mbuzi wa huku mlimani," akaendelea, "hutangulia na matako?"

Hema lilipasuka kwa kicheko, wa kwetu na wa kwao, nami nikasimama pale na mguu hewani nisijue niushushe vipi. Mama Karimi akatoka jikoni akitembea haraka, aproni imelowa, akaninyang'anya ule mguu.

"Baba Karimi, hii nyama nimeweka mimi. Ya mbuzi ule mwingine. Kiondo hairudishwi tupu! Umeoa miaka hii yote na hujui kiondo hairudishwi tupu? Chake nimekijaza kwanza kwa sababu ndiye mama ya kijana, nikampea mkononi kwa heshima, na wewe unaenda kumpekua kama kuku mwizi!"

"Si ungeniambia," nikasema. Nilisema hivyo kweli.

"Ungeuliza!"

Lakini Mama Munene hakuwa amecheka. Alisimama, akajifunga leso yake vizuri kiunoni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Munene, twende."

Kicheko kikafa. Nilimtazama Munene akimtazama mama yake, kisha akimtazama Wakuthii, kisu kile chenye utepe bado mkononi, na nikaona akikiweka mezani. Watu wao wakaanza kusimama mmoja mmoja, viti vinakwaruza. Muriithi alimwendea Mama Munene mikono imekunjuliwa, "Mama, tafadhali, huyu ndugu yangu ni, yaani," akashindwa kupata neno, sijui hata leo alikuwa anatafuta neno gani. Mama Munene akampita. Akaenda moja kwa moja mpaka langoni kwenye mvua, watu wake nyuma yake, akasimama mbele ya kufuli, akangoja. Hakugeuka.

"Fungua," akasema.

Ufunguo ulikataa kuingia. Si ufunguo, ni mikono yangu. Basi zima la watu lilisimama nyuma yangu likilowa, nami nachokora kufuli, na nikakumbuka Wakuthii akiwa mdogo nikimbeba mgongoni kumpeleka zahanati, nikafikiri: ulimbeba uje umfanyie hivi. Hatimaye likafunguka. Nikavuta lango.

Na pale nje, amelowa chapachapa, koti lake amelivua akafunika sinia aliyoibeba juu ya kichwa kwa mikono miwili, kamera imening'inia tumboni ndani ya mfuko wa plastiki, alikuwa amesimama Kevo, mpiga picha wetu.

"Haki ya Mungu!" akasema. "Nimepiga hii geti mpaka mkono imekufa! Hamsikii?"

Muriithi akafunua koti. Kiande kilikuwa pale, kizima, kimepangiwa majani ya chai mabichi pembeni kikapendeza.

"Nani alikwambia uchukue hii?" Muriithi akauliza.

"Si huyu mzee?" Kevo akaninyooshea kidevu. "Nilimwuliza poa, nikamwambia, 'Mzee, naweza enda na hii nyama kwa majani chai nipige picha yake kabla jua iishe?' Akaniambia, 'Chukua, chukua.' Hata hakuangalia juu. Alikuwa anasoma."

Ningependa kuandika kwamba Kevo alidanganya. Siwezi. Sikumbuki akiniuliza, lakini hivyo ndivyo ninavyoitika nikiwa ninasoma, na yeye hana sababu ya kunisingizia. Mwizi hakuwepo, na aliyekitoa kiande alikuwa mimi, na aliyekifungia nje pia alikuwa mimi.

Hakuna aliyecheka safari hii. Mama Munene alikitazama kiande, akanitazama, akainua mguu kuvuka kizingiti cha lango. Ndipo Wakuthii akaja. Alikuja mbio kwenye matope na shanga zake zote zikilia, akasimama mbele ya yule mama, anahema, maji yanamtiririka usoni sijui ya mvua au ya nini, na sote tukangoja aombe msamaha wa ukoo.

"Mama," akasema, "ukienda leo, unaniacha na huyu."

Akaninyooshea mimi kidole.

Ilichukua muda kidogo. Kwanza nilimwona Mzee Njogu akigeuka kando, mabega yanatikisika. Kisha midomo ya Mama Munene ikakazana, ikakazana zaidi, akajaribu kuishika kwa mkono, ikashindikana. Alicheka mpaka akamshika Wakuthii bega asianguke.

"Ngai, hapana," akasema. "Hapana, hiyo siwezi kukufanyia, mwanangu."

Kisha akajipangusa macho, akanigeukia, na kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Nitarudi ndani. Kiande kitakatwa. Lakini wewe, baba mdogo, ile siku ya kwanza tuliambiwa tunanuka matope nikanyamaza. Leo nimeitwa mwizi mbele ya mwanangu. Sitanyamaza mara mbili. Kiondo changu kimeshikwa na mwanamume, basi mwanamume aliyekishika akibebe. Mpaka kwa basi. Vile sisi hubeba."

Vile wao hubeba ni mkanda kwenye paji la uso na mzigo mgongoni. Muriithi alinitazama kuona kama nitakataa. Nikasema, "Ni haki, mama." Kwa maana ilikuwa haki.

Kiande kikakatwa, mvua ikinyesha. Munene alimlisha Wakuthii, wanawake wakapiga kigelegele hadi hema likataka kuinuka, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma kabisa, nikipiga makofi, sijui kama nilikuwa na ruhusa ya kupiga makofi. Kisha Mama Karimi akakijaza kiondo upya (na nina shaka aliongeza viazi visivyohitajika), akanivalisha mkanda kichwani mwenyewe, akaurekebisha, akasema, "Inama kidogo, ndivyo haiumi." Tukashuka. Njia ni ndefu, matope ya utelezi, na pale kituo cha kununulia majani chai watu walikuwa wamejikinga mvua, majirani zangu wote, wanaume ninaokunywa nao chai. Hakuna aliyenisalimu. Walisimama tu kunipisha, kama wanavyopisha msafara.

Shingo iliuma. Kwa mara ya kwanza nikajua kile kitu kinauma vipi, na Mama Munene alikuwa akitembea nyuma yangu hatua kwa hatua, hasemi, nadhani alijua kwamba ninajua.

Kwenye mlango wa basi alikipokea. Akafungua, akachungulia ndani, akahesabu kwa macho mbele yangu.

"Iko yote," akasema. Halafu, "Baba mdogo, siku moja kuja Wang'uru, nikupikie pishori, ule mchele wetu, ujue inanukia nini. Lakini ukifika kwa mlango wangu, mikono juu."

Vitabu sijaacha kusoma. Sioni kosa lao, mimi si mtu wa kusingizia kitabu. Lakini nimewaza jambo hili na nadhani nimelielewa, ingawa labda ni nusu: wale wapelelezi hawaulizi watu moja kwa moja kwa sababu wakiuliza, hadithi itaisha ukurasa wa tatu. Yangu ingeisha kabla ya mvua. Kwa hivyo nimeapa. Siku hizi nikikosa kitu, jembe, soksi, hata kijiko, nasimama katikati ya boma naita kwa sauti yote niliyo nayo, "Jamani, nani ameona?" bila kumtazama mtu yeyote usoni. Mara nyingi najibiwa kabla sijamaliza. Kuna watu hunicheka nikiita hivyo. Waache wacheke, Wakuthii yuko kwake.